Boti ya Kabini: Ya Kulinganisha Kabla Kikundi Hakijalipa

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU), vikundi vya akina mama na wenye boti za abiria, Lamu

 

Kikundi cha visiwani kinapofikisha akiba ya kununua chombo, neno linalotajwa mapema siku hizi ni kabini. Si ajabu. Mtu aliyewahi kusafiri kutoka Faza au Kizingitini hadi Amu wakati wa kusi anajua maana ya kufika gatini nguo zikichuruzika maji ya chumvi. Mama mjamzito anayetolewa nyumbani usiku akalazwa kwenye turubai ndani ya boti iliyo wazi anajua zaidi. Boti yenye chumba cha kufungwa mlango si anasa kwa watu hao.

Lakini boti za kabini zinazoonekana kwenye picha za wauzaji hazikuundwa kwa ajili ya safari hiyo. Nyingi zimetoka Ufaransa, Uingereza au Marekani, nazo zilichorwa kwa familia ya watu wanne au watano inayotoka Jumamosi asubuhi kuvua samaki na kurudi Jumapili jioni. Kikundi kikiichukua boti hiyo na kuipa kazi ya kubeba abiria kila siku, mambo matatu yaliyoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji, yaani bei, ukubwa na vifaa, hubadilika maana. Mazungumzo haya yanahusu mabadiliko hayo.

Kwanza, boti ya kabini ya ukubwa wa kati ni ipi? Hapa inachukuliwa kuwa ni chombo cha kati ya mita 7 na 9, chenye chumba ambacho mtu anaingia na kukaa, na usukani ukiwa ndani ya chumba hicho. Chini ya mita 7 kabini huwa ni kijumba cha kuwekea mizigo. Ikizidi mita 9, gharama ya mafuta na ya kuipandisha nchi kavu kwa matengenezo inaanza kuwa ya kampuni, si ya kikundi.

Urefu wenyewe una mtego. Namba iliyo kwenye jina la boti si lazima iwe urefu wake. Mfano mzuri ni Merry Fisher 795 ya kiwanda cha Jeanneau cha Ufaransa, boti inayojulikana sana katika daraja hili. Mtu anayesoma 795 anadhani ananunua karibu mita 8. Boti ile ina takriban mita 7.4 kutoka ncha hadi ncha, na upana wa takriban mita 2.8. Hakuna udanganyifu hapo, kwa kuwa vipimo vimeandikwa kwenye karatasi yake, ila havisomwi. Isitoshe, wauzaji wengine huhesabu ndani ya urefu kile kibao cha kuogelea kilicho tezi na chuma cha nanga kilicho omo. Kikundi kiulize urefu wa mwili wa boti peke yake, na kilinganishe huo kwa huo.

Upana ndio kipimo kinachopaswa kuulizwa zaidi, nao huulizwa mara chache. Boti mbili za mita 8, moja ikiwa na upana wa mita 2.4 na nyingine mita 2.9, si ndugu. Ile pana haiyumbi sana abiria wanapohamia upande mmoja kumpungia mkono mtu aliye gatini, na hilo hutokea kila siku.

Halafu kuna kina, yaani sehemu ya boti inayozama majini. Mnunuzi wa Mombasa anaweza kukipuuza, wa Lamu hawezi. Njia ya Mkanda, kati ya Manda na bara, kwa miaka mingi haikuwa na maji mengi yakipwa, na kila nahodha wa hapa ameshawahi kusubiri maji yajae. Boti yenye mashine ya nje inaweza kuinua mguu wake na kupita kwenye maji ya kiunoni. Boti yenye injini ya ndani, pangaboi lake likiwa limefungwa chini ya mkuku, haina namna hiyo. Sentimita 30 za tofauti kwenye karatasi zinaweza kuwa saa kadhaa za kukaa juu ya fungu na mgonjwa ndani. Atakayekosa Mkanda azunguke nje, na nje kuna mawimbi.

Kuhusu mawimbi, boti zinazouzwa Ulaya huwa na sahani ndogo iliyobandikwa karibu na usukani. Kwenye sahani hiyo kuna herufi A, B, C au D. Daraja C limekusudiwa upepo usiozidi nguvu ya 6 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi yasiyozidi mita 2. Daraja B ni upepo hadi nguvu ya 8 na mawimbi hadi mita 4. D ni ya maji yaliyotulia, mito na maziwa madogo, na haifai kutajwa hapa hata ikiuzwa kwa nusu bei. Boti moja inaweza kuwa na madaraja mawili kwa wakati mmoja: watu wachache ikiwa B, watu wengi zaidi ikiwa C. Muuzaji hutaja ile namba kubwa. Kwa kikundi kitakachopita pale bahari inapofunguka kati ya Manda na Pate mwezi wa Juni au Julai, kusi likiwa limekaza, namba ya kushika ni ile ndogo.

Sahani hiyo hiyo inataja idadi ya watu na uzito wote kwa kilo. Mtu mzima mmoja amehesabiwa kuwa na kilo 75. Gunia la mahindi la kawaida lina kilo 90. Basi gunia moja limekwisha kula nafasi ya abiria mmoja na zaidi. Mitungi mitano ya maji ya lita 20 ni kilo 100. Pipa la lita 200 la petroli linakaribia kilo 150 bila chuma chake. Boti iliyoandikwa watu 8 ikipakiwa watu 8, magunia mawili na pipa, imebeba sawa na watu 12, na hakuna aliyevunja hesabu ya vichwa. Ajali huanza hivyo.

Sasa kabini yenyewe. Katika boti za familia chumba huwa na sehemu mbili. Juu kuna usukani, meza ndogo na viti. Mbele, baada ya kushuka ngazi mbili au tatu, kuna kitanda kilichobanwa ndani ya omo, kipana kichwani na chembamba miguuni. Kwenye picha kitanda hicho kinapendeza, na mama wa kikundi akikiona husema, hapa ndipo mgonjwa atakapolala. Hebu aulize machela itapita wapi. Machela ina urefu wa karibu mita 2 na upana wa zaidi ya nusu mita. Mlango wa kushukia kwenye omo mara nyingi ni mwembamba, tena una kona. Mgonjwa itabidi ainuliwe, akunjwe, ashushwe ngazi, naye akifika kule mbele ndipo boti inaporushwa zaidi na mawimbi. Mahali patulivu zaidi katika boti ni katikati kuelekea tezi. Kabini inayofaa ni ile yenye mlango mpana usio na ngazi na benchi moja ndefu ya mita 2 ubavuni, hata kama haina kitanda wala pazia.

Kabini pia ni uzito uliowekwa juu. Kadiri inavyokuwa ndefu kwenda juu, ndivyo upepo unavyoipata na ndivyo boti inavyochelewa kurudi wima baada ya kulala ubavu. Halafu paa huwaita vijana wapande, na muuzaji hamwambii mnunuzi jambo hilo. Watu watano juu ya paa ni kilo 375 mahali ambapo mchoraji wa boti alihesabu taa na antena tu. Kikundi kikiamua kununua kabini, kiamue siku hiyo hiyo kwamba paa si kiti, na nahodha apewe uwezo wa kukataa kung'oa nanga.

Madirisha lazima yafunguke. Chumba kilichofungwa chenye watu kumi kwenye joto la Februari hakikaliki, na moshi wa injini unaweza kuvutwa ndani kutoka tezi bila mtu kunusa chochote kibaya. Sumu iliyomo kwenye moshi huo, kaboni monoksidi, haina harufu. Mtu huona usingizi tu.

Choo kinastahili neno, ingawa wanaume kwenye vikao hukipita haraka. Safari ya saa tatu bila choo huwafanya akina mama wasinywe maji tangu asubuhi. Choo kidogo cha pampu kinachukua nafasi ya kiti kimoja. Kikundi chenye wanachama wanawake kiwaulize wao kama kiti hicho kina thamani zaidi. Jiko la gesi, friji ya vinywaji, spika za muziki na godoro la kuota jua, kwa upande mwingine, ni fedha zinazoweza kuondolewa kwenye bei bila kupunguza safari hata moja. Muuzaji akisema haviondoki, basi bei ipungue.

Linalofuata ndilo linalozifilisi boti nyingi, nalo ni mafuta. Mafundi wana kanuni ya kukadiria, na ingawa haifiki kwenye tone la mwisho, inatosha kikao. Mashine ya petroli ya mipigo minne ikifunguliwa mwisho hula karibu lita 38 kwa saa kwa kila nguvu 100 za farasi. Ikiendeshwa kwa mwendo wa wastani hula karibu nusu. Dizeli ikifunguliwa mwisho hula karibu lita 20 kwa kila farasi 100. Mashine za petroli za mipigo miwili, zile zilizozoeleka kwa wavuvi, hula zaidi ya za mipigo minne, na mafuta ya kuchanganya huongezeka juu yake.

Chukua safari ya maili 20 za baharini, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, na tuseme lita moja ya mafuta ya aina yoyote ni shilingi 200 kikundi kinapoipata. Bei ya juu inayotangazwa na EPRA hubadilika kila mwezi, na mafuta yaliyovushwa kwa mapipa hadi kisiwani huongezewa ya kuvushia, kwa hiyo kila kikundi kiweke bei yake.

Boti ya kwanza ni ya familia kutoka Ulaya, mashine moja ya petroli ya farasi 200. Inakwenda maili 20 kwa saa na kula lita 38 kwa saa. Inafika kwa saa moja. Kwenda na kurudi ni lita 76, shilingi 15,200. Ikiwa inaruhusiwa watu 8, ukitoa nahodha na msaidizi wake, wanabaki abiria 6, yaani viti 12 kwa safari mbili. Kila kiti kinadaiwa shilingi 1,267 za mafuta peke yake, kabla ya mshahara, matengenezo, bima na mkopo.

Boti ya pili ni ya mbao, imeundwa hapa hapa, mita 9, kabini imejengwa juu yake, injini ya ndani ya dizeli ya farasi 30. Inakwenda maili 6 kwa saa na kula lita 5 kwa saa. Inafika baada ya saa 3 na dakika 20. Kwenda na kurudi ni lita 34 hivi, shilingi 6,800. Ikiwa imekaguliwa kwa abiria 14, ni viti 28, na kila kiti shilingi 243.

Boti ya tatu ni ya faiba, pana, sakafu yake ya chini si yenye makali sana, kabini fupi ya wazi nyuma, mashine mbili za farasi 40 za mipigo minne. Inakwenda maili 14 kwa saa na kula lita 20 kwa saa. Inafika kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwenda na kurudi ni lita 58, shilingi 11,600. Kwa abiria 10 ni viti 20, na kila kiti shilingi 580.

Hesabu hizi ni za mfano, na boti kamili yenye mzigo kamili itakula zaidi. Lakini zinaonyesha mahali mjadala ulipo. Ile ya kwanza inamfikisha mgonjwa upesi ila haiwezi kuishi kwa nauli ya mwananchi wa kawaida, na ikishindwa kuishi itaegeshwa, na siku mgonjwa atakapokuja tangi litakuwa tupu. Ile ya pili inaishi, lakini saa tatu na dakika ishirini ni nyingi mno kwa mama anayevuja damu. Ya tatu si nzuri kama ya kwanza wala si rahisi kama ya pili. Kwa kikundi kinachotaka chombo kimoja cha kazi zote mbili, hiyo ndiyo ya kuanzia mazungumzo, hasa kwa sababu mashine zake ni mbili. Moja ikizima katikati ya maji, nyingine inawarudisha watu nyumbani.

Wapo watakaosema, chukua ile ya mbao, uiongezee mashine kubwa. Wengi wamejaribu. Chombo kizito kinachopasua maji bila kupanda juu yake kina kikomo chake, na kwa urefu wa mita 8 majini kikomo hicho ni karibu maili 7 kwa saa. Ukiifunga farasi 30 au farasi 90, tezi itazama, omo itainuka, mafuta yatateketea, na mwendo utabaki karibu pale pale. Umbo la chini la boti ndilo linaloamua.

Umbo hilo pia lina biashara yake. Boti yenye makali chini hukata wimbi bila kupiga kishindo, lakini hudai nguvu zaidi, huzama zaidi na huyumba ikisimama. Yenye sakafu bapa hubeba mzigo na kupita kwenye maji machache, ila wakati wa kusi itawapigisha abiria migongo. Kwa njia za ndani za Lamu, bapa kiasi inatosha. Kwa kikundi cha Kiunga kinachokusudia kupita nje, makali yaongezwe na mafuta yahesabiwe upya.

Bei ndogo sana mara nyingi huwa ya boti iliyotumika. Humo kuna nyingi zenye injini ya ndani na mguu unaotokea nyuma, mtindo ulioletwa na Volvo Penta mwaka 1959. Ni mtindo mzuri penye fundi na vipuri. Mguu ule umezibwa kwa mpira wenye mikunjo unaochakaa baada ya miaka michache. Ukipasuka, maji huingia ngamani boti ikiwa imefungwa gatini na watu wamelala. Kikundi kiulize mpira ulibadilishwa lini na kione risiti. Ikiwa injini hiyo ni ya petroli, kuna feni ya kutoa mvuke chini ya sakafu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa chini ukingoja cheche, na feni inapaswa kuendeshwa angalau dakika nne kabla ya kuwasha. Feni isiyofanya kazi inatosha kuwa sababu ya kuondoka.

Faiba iliyozeeka haionyeshi ugonjwa wake. Rangi mpya hufunika kila kitu. Fundi aigonge kwa mpini wa bisibisi au nyundo ya plastiki, pole pole, kuanzia omo hadi tezi. Ikilia kavu, ni nzima. Ikilia kama boga lililooza, maji yamekwisha kuingia ndani. Agonge zaidi mahali mashine inapofungwa, kwa kuwa hapo ndipo mbao zilizofichwa ndani huoza kwanza.

Kuhusu bei, swali ni nini kimo na nini hakimo. Bei za boti mpya mara nyingi hutajwa bila mashine, na mashine si kitu kidogo pembeni. Baada yake kuna kusafirisha, ushuru wa forodha, VAT, ada za bandari, nanga na mnyororo, majaketi ya kuokolea maisha kwa kila abiria yakiwemo ya watoto, redio ya VHF, kizima moto, na pampu ya kutoa maji. Kikundi kisilinganishe karatasi tatu za bei hadi kila moja iwe imeandikwa upya ikiwa na vitu vile vile. Na kiulize vipuri. Mashine ambayo fundi wa Amu anaijua ina thamani kuliko iliyo bora zaidi duniani lakini sahani yake ya pampu ya maji inaagizwa ng'ambo kwa wiki sita.

Kabla ya kuanza kubeba abiria, chombo hukaguliwa na kusajiliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, na mwendeshaji naye awe na leseni yake. Idadi ya abiria itakayotumika ni ile iliyoandikwa baada ya ukaguzi, si iliyo kwenye picha. Boti ya mbao iliyoongezwa kabini baada ya kuundwa ikaguliwe baada ya kabini kuwekwa. Ni vyema kikundi kikaongea na wakaguzi kabla ya kulipa, kwa sababu hesabu yote ya nauli inasimama juu ya idadi hiyo. Ikipungua kutoka abiria 10 hadi 7, ile shilingi 580 inakuwa 829.

Mwisho ni jaribio la majini. Muuzaji hupenda kuwapeleka watu wawili asubuhi, maji yakiwa kama kioo. Kikundi kiombe alasiri, upepo ukiwa umeamka, na kipakie uzito halisi: watu, au mitungi ya maji iliyopimwa. Tangi lijazwe mbele ya mweka hazina, safari ipigwe kwa saa moja kwa mwendo wa kazi, kisha tangi lijazwe tena na lita zihesabiwe. Machela iingizwe na kutolewa, mtu akiwa amelala juu yake. Nahodha atakayeiendesha ndiye ashike usukani, si muuzaji. Tangi likijulikana linakula kiasi gani, ipangwe theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya mwisho isiguswe. Muuzaji anayekataa jaribio la namna hii awekewe karatasi yake upande mmoja, na kikao kiendelee na zilizobaki.

Maswali ya vikundi yapelekwe kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti kupitia viongozi wa BMU, yakiambatana na nakala za karatasi za bei na vipimo vya boti inayokusudiwa.